Je, Mwanaume wa Sindano ni Mwanaume wa Kweli?



Jioni moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja alikuja kupiga hodi nyumbani kwangu. Zamani alikaa mbele yangu katika darasa la nne. Sasa ana miaka 24. Jina lake silitaji, wala kijiji chake, maana neno alilolileta ni la siri, naye ameniruhusu kuliandika kwa sharti hilo. Alisalimu, akaketi, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: «Mwalimu, watu wote wanasema nimepona. Lakini mimi mwenyewe sijui huyu aliyepona ni nani.»

Habari yake ni hii. Miaka miwili iliyopita waganga wa hospitali walimkuta na kansa katika korodani moja, yaani kokwa moja ya uzazi. Waliikata. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeanza kutembea mwilini, walimpa pia dawa kali za kutia mshipani, mwezi baada ya mwezi, hata nywele zote zikaanguka. Alipona, akarudi nyumbani, mama yake akachinja mbuzi. Lakini tangu siku zile nguvu hazikurudi zote. Jembe limekuwa zito. Mchana usingizi unamshika. Tamaa ya kiume imepungua, na moyo wake unashuka pasipo sababu. Waganga wakampima damu asubuhi, mara mbili, siku mbalimbali, wakaona kwamba kitu kiitwacho testosteroni kimepungua kidogo. Wakamwambia: «Iko dawa. Lakini usiharakishe. Tuzungumze kwanza.»

Basi kijana huyu ana mchumba, na mahari imelipwa nusu. Mjomba wake anasema: «Choma sindano, uwe mwanaume, tumalize mambo haya.» Rafiki yake wa mjini anasema kwamba ataipata dawa hiyo pasipo barua ya mganga. Bibi yake anasema: «Mungu amekuponya, nawe wataka nini tena?» Naye mwenyewe aliniuliza: «Mwalimu, nikichoma sindano hii, nitakuwa mwanaume wa kweli, au mwanaume wa sindano? Nami nisipochoma, nitamwoaje binti wa watu?»

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba siku kadhaa, nikawauliza wanaojua, nikasoma. Majibu niliyompa nayaandika hapa, kwa kuwa neno hili si lake peke yake.

I. TUJUE KWANZA KITU CHENYEWE

Kupima uzuri au ubaya wa jambo tusilolijua ni kama kukata shauri pasipo kusikia mashahidi. Basi tuanze na jogoo.

Ninyi nyote mwajua kwamba jogoo aliyehasiwa hawiki sana, hapigani, hafuati majike, na ule upanga mwekundu wa kichwani hunywea. Mwaka 1849 mwalimu mmoja wa mji wa Göttingen katika Udachi, Arnold Berthold, alichukua majogoo sita akawahasi. Wawili aliwaacha hivyo, wakawa kama maksai. Lakini wengine aliwarudishia kokwa ndani ya tumbo, mahali pasipo pake, pasipo kuiunga na mishipa yake ya zamani. Majogoo hao wakawika, wakapigana, na panga zao zikawa nyekundu. Ndipo alipotambua kwamba kokwa hutoa kitu fulani ndani ya damu, na kitu hicho husafiri mwilini mwote.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1889, mganga mmoja maarufu wa Ufaransa, Brown-Séquard, aliyekuwa mzee wa miaka 72, alijichoma maji yaliyotolewa katika kokwa za wanyama, akawatangazia wenzake kwamba ujana umemrudia. Watu wengi wakakimbilia dawa hiyo. Leo twajua kwamba maji yale hayakuweza kubeba kitu chenyewe kwa kiasi cha kutosha, maana hakiyeyuki vema katika maji. Nguvu alizosikia zilitoka katika tumaini lake. Mliweke neno hili moyoni, tutalirudia.

Mwaka 1935 wataalamu walikipata kitu chenyewe katika kokwa za mafahali, wakakiita testosteroni. Na mwaka uleule wengine wakajua kukitengeneza kwa mikono. Ndicho kinachomfanya mtoto wa kiume, akifika umri wa kubalehe, awe na sauti nzito, ndevu, misuli na tamaa ya mke. Kwa mtu mzima hulinda mifupa isiwe dhaifu, husaidia kuzaa damu nyekundu, na kuupa mwili nguvu. Wanawake nao wanacho, ila kidogo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo. Korodani ina kazi mbili, wala si moja. Kazi ya kwanza ni kutoa testosteroni. Kazi ya pili ni kutengeneza mbegu ya uzazi. Kazi hizi mbili husimamiwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ni kama kapita wa shamba: hutuma amri, «Fanyeni kazi!», nazo korodani hufanya. Kapita akiona kwamba ghala limejaa, hunyamaza. Akiona limepungua, hupiga kelele zaidi.

II. KWA NINI ALIYEPONA KANSA APUNGUKIWE?

Zamani swali la kijana wetu halikuulizwa, kwa sababu wagonjwa wa namna yake walikufa. Kansa ya korodani ilipokwisha kusambaa, waliopona walikuwa wachache sana. Mwaka 1965, huko Marekani, Barnett Rosenberg na wenzake waligundua kwa bahati kwamba kitu chenye madini ya platini huzuia chembe hai zisigawanyike. Dawa iliyotoka humo yaitwa sisiplatini. Mwaka 1974 mganga Lawrence Einhorn, katika chuo kikuu cha Indiana, aliichanganya na dawa nyingine mbili akampa mwanafunzi kijana aliyekuwa karibu kufa. Kijana yule akapona, akaishi miaka mingi. Leo, hata ugonjwa ukiwa umesambaa, wagonjwa kama wanane katika kumi hupona, wakipata dawa kamili.

Katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kansa hii ndiyo inayowashika zaidi wanaume wa miaka 15 hadi 35. Kwetu Afrika ni adimu zaidi, lakini ipo. Tena ziko kansa nyingine za vijana na watoto. Wengi wamesikia habari za uvimbe wa taya unaowashika watoto wa nchi zetu za joto, ule ambao mganga Denis Burkitt aliuandika habari zake mwaka 1958 alipokuwa Uganda. Nao huponywa kwa dawa kali.

Dawa hizo kali huua chembe za kansa kwa kuwa zinazaana haraka. Lakini hazina macho. Hupiga pia chembe nyingine zinazozaana haraka: nywele, damu, na mbegu ya uzazi. Ndiyo maana mbegu huumia upesi kuliko testosteroni. Mwanaume aliyebaki na korodani moja iliyo nzima mara nyingi hupata testosteroni ya kutosha, naye aweza kuzaa. Lakini wengine hupungukiwa, hasa wakiwa wamepewa dawa nyingi au mionzi mahali pale. Aliyekatwa korodani zote mbili hana tena mahali pa kuitoa. Hata mionzi ya kichwani yaweza kumwumiza yule kapita wa chini ya ubongo, amri zisiende tena.

Basi uchovu wa kijana wetu haukuwa uvivu. Tumwondolee aibu hiyo kwanza. Ni mara ngapi kijijini tumemcheka mtu aliyetoka hospitali, tukisema: «Amezoea kulala»?

III. DAWA YAFANYA NINI, NAYO HAIFANYI NINI?

Testosteroni hutolewa kwa sindano, nyingine kila wiki chache, nyingine kila miezi mitatu hivi. Au kwa dawa laini ya kupaka ngozini kila siku, ambayo mtu lazima aangalie isimguse mke wala mtoto. Kwa yule asiyekuwa na korodani hata moja, au ambaye testosteroni yake imeshuka sana, ni dawa ya lazima. Humrudishia nguvu na tamaa, hukinga mifupa yake isivunjike kabla ya uzee. Kumwambia mtu huyo avumilie tu ni kumfanyia ukatili.

Lakini kwa yule aliyepungukiwa kidogo, kama kijana wetu, mambo hayako wazi hivyo. Huko Uingereza waganga waliwakusanya wanaume 136 wa miaka 25 hadi 50, waliopona kansa, ambao testosteroni yao ilikuwa chini kidogo. Wengine walipewa dawa ya kupaka, wengine dawa ya bure isiyo na kitu, wala mgonjwa hakujua amepewa ipi. Wakaendelea hivyo muda wa miezi sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Waliopewa dawa ya kweli walipungua mafuta mwilini, na nyama ya mwili ikaongezeka, kama kilo moja na nusu. Hayo ni mema. Lakini walipoulizwa juu ya nguvu zao za kufanya kazi na furaha ya maisha yao, hawakuonekana kuwapita wenzao. Mnamkumbuka yule mzee wa Ufaransa? Moyo wenye hamu kubwa husikia nguvu hata pale zisipokuwapo.

Dawa ina hatari zake pia. Yaweza kuifanya damu iwe nzito mno. Ndiyo maana damu lazima ipimwe, na chembe nyekundu zikipita 54 kwa mia dawa husimamishwa. Mwenye kansa ya tezi ya kiume iliyo chini ya kibofu, au kansa ya titi, hakubaliwi kuitumia.

Lakini hatari iliyo kubwa kwa kijana ni hii, ambayo mjomba hakuijua, wala rafiki wa mjini hakuitaja. Testosteroni ikiingia kutoka nje, yule kapita wa chini ya ubongo huona ghala limejaa, naye hunyamaza. Akinyamaza, korodani iliyobaki hulala. Na ikilala, haitengenezi mbegu. Ni kama kijiji kinacholetewa chakula na magari kila wiki: watu wanashiba, lakini mashamba yao yanageuka msitu. Mwanaume huyo atakuwa na sauti, ndevu, misuli, tamaa, kila kitu ambacho watu hukiita uanaume; nayo mbegu itakuwa imefungwa. Akiacha dawa, mara nyingi mbegu hurudi, lakini huchukua miezi mingi, wala hakuna anayeweza kumwahidi. Naye kijana ambaye mbegu yake imekwisha pigwa na dawa za kansa hana nyingi za kuchezea.

Tazameni ajabu hii. Kijana alitaka sindano ili awe mwanaume machoni pa wakwe, na wakwe wanamtaka awe mwanaume ili apate watoto. Kumbe sindano yenyewe ingeweza kumnyima watoto. Angeonekana baba, asiweze kuwa baba.

IV. JE, DAWA HII NI UONGO?

Sasa turudi kwenye swali lake la kwanza: «Nitakuwa mwanaume wa sindano?»

Nilimjibu hivi. Mtu asiyeona vizuri akivaa miwani, je, macho yake ni ya uongo? Mwenye ugonjwa wa sukari akichoma insulini kila siku, je, anaishi maisha ya chupa? Zamani katika milima ya Kivu na kisiwa cha Idjwi watu wengi waliota rovu kubwa shingoni, kwa kuwa udongo wao haukuwa na madini ya iodini, hata tezi ya shingoni ikakosa kitu cha kutengenezea kazi yake. Walipopewa iodini, hakuna aliyesema: «Shingo hii si yako.» Kilichopungua kimerudishwa, basi.

Testosteroni ya chupa ni kitu kilekile kinachotolewa na korodani, wala mwili hauoni tofauti. Kwa hiyo anayerudishiwa alichonyang'anywa na ugonjwa hasemi uongo kwa mtu yeyote. Na kwa bibi yake, ambaye nampa heshima yote, nilimwomba kijana apeleke jibu hili: Aliyeponywa akitafuta nguvu za kuishi hamkosei Mungu shukrani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chamsifu mganga na mtengeneza dawa, kwa sababu vyote viwili vyatoka kwa Mwumba. Ambaye nyumba yake imeungua, akiokoa watoto, anashukuru. Lakini kesho yake anakata miti ajenge tena. Nani atamlaumu?

V. LAKINI MPAKA UKO WAPI?

Iko habari ya mtu anayejulikana duniani kote, ambayo yatuonyesha mpaka. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, alishikwa na kansa ya korodani mwaka 1996, akiwa na miaka 25. Ilikuwa imefika kwenye mapafu na kwenye ubongo. Alikatwa korodani moja, akapewa dawa katika Indiana, mahali palepale pa mganga Einhorn, akapona. Tangu mwaka 1999 hadi 2005 alishinda mara saba mashindano makubwa ya kuzunguka Ufaransa. Wagonjwa wengi walimtazama wakapata moyo. Lakini mwaka 2012 alinyang'anywa ushindi wote, na Januari 2013 alikiri mbele ya watu wote kwamba alitumia dawa zilizokatazwa, testosteroni ikiwa mojawapo. Tena alieleza kwamba juu ya testosteroni karibu alijipa haki moyoni, akifikiri kwamba mtu aliyekatwa korodani hakika amepungukiwa.

Fikirini neno hilo. Huenda mwili wake ulikuwa na haja, huenda haukuwa nayo. Lakini hakwenda mbele ya waamuzi kusema: «Nimekuwa mgonjwa, nipimeni, mniruhusu.» Alificha. Na alichokitafuta hakikuwa kurudi alipokuwa, bali kuwapita wenzake. Basi mpaka hauko ndani ya chupa. Chupa ni ileile. Mpaka uko katika maswali matatu: Je, narudisha kilichopotea, au naongeza nisichokuwa nacho? Je, nimepimwa, au najidhania tu? Je, naweza kuyasema hadharani kwa wale wanaohusika, au lazima nifiche?

Ugonjwa uliopita hautupi ruhusa ya kila kitu. Mtu aliyeteswa huona kwamba dunia ina deni lake. Pengine ni kweli. Lakini si jirani yake anayepaswa kulilipa pasipo kujua.

VI. UANAUME NI NINI?

Hapo kijana aliniuliza lililokuwa chini ya yote: «Na ikiwa mbegu haipo tena? Na ikiwa nguvu hazitarudi? Mimi ni nani basi?»

Wapo watakaomjibu haraka kwamba mwili si kitu, roho ndiyo kitu. Mimi sikuthubutu kumjibu hivyo. Mwili si gunia tulilovaa. Kijana anayeshindwa kulima shamba la mama yake anaumia kweli. Anayeogopa usiku wa ndoa yake anaogopa jambo la kweli. Anayemwambia kwamba hayo ni mambo ya ubatili hajawahi kuyakosa.

Lakini kosa la pili ni baya kuliko la kwanza: kudhani kwamba uanaume wote umo katika damu. Majogoo ya Berthold yalirudishiwa kokwa, yakawa majogoo kamili. Jogoo hahitaji zaidi ya hayo. Lakini hakuna jogoo aliyekesha karibu na mgonjwa, wala aliyetimiza ahadi iliyomgharimu, wala aliyelea kifaranga cha ndugu yake aliyekufa. Testosteroni inaweza kumpa mtu sauti nzito. Haiwezi kumpa neno la kweli la kusema kwa sauti hiyo. Inaweza kumpa mkono wenye nguvu. Haimwambii kama mkono huo utampiga mke wake au utamjengea nyumba.

Katika vijiji vyetu twajua jambo hili, ila twalisahau siku ya mahari. Ni nani kati yetu asiyelelewa, hata kidogo, na baba mdogo, au mjomba, au babu? Tuliwaita baba, wala hatukuuliza mbegu. Mtakatifu Yosefu naye hakumzaa Yesu kwa mwili, na Injili yasema kwamba watu walimwita Yesu mwana wa Yosefu. Ubaba una mlango wa mbegu, nao una mlango wa malezi. Mlango mmoja ukifungwa, twalia, maana ni msiba. Lakini nyumba haijabomoka.

VII. UKWELI KWA MCHUMBA

Lilibaki neno gumu kuliko yote. Kijana alitaka kujua kama yampasa kumwambia mchumba wake. Mjomba alikuwa amemkataza: «Ukisema, watarudisha mahari, na jina letu litaharibika.»

Sheria ya Kanisa, ile ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1084, yasema wazi kwamba ugumba haukatazi ndoa, wala hauivunji. Asiyeweza kuzaa aweza kuoa, na ndoa yake ni ndoa kamili. Asiwepo mtu wa kumtisha kwa jambo hilo. Lakini kanuni ya 1098 yaongeza neno zito: yule anayedanganywa kwa hila juu ya jambo kubwa kama hili, ili akubali kuoa au kuolewa, kukubali kwake si halali, na ndoa haifungwi. Kwa hiyo si ugonjwa unaoiua ndoa. Siri ndiyo inayoiua.

Tena tuache sheria, tutazame binti mwenyewe. Katika desturi zetu, watoto wasipopatikana, nani analaumiwa kwanza? Ni mke. Atapelekwa kwa waganga wa miti shamba, atachunguliwa, atasemwa kisimani, huenda atafukuzwa arudi kwao; naye mume akijua siku zote kwamba sababu iko kwake. Kijana akinyamaza anaokoa heshima yake kwa kutumia heshima ya mwanamke. Nilimwuliza: «Je, hiyo ndiyo kazi ya mwanaume?» Akainamisha kichwa.

Nilimwambia pia kwamba hana deni la kuwaambia watu wote. Wakwe, majirani, wenzake wa kazi, hao hawana haki ya kujua mwili wake. Lakini yule atakayelala pamoja naye chini ya paa moja hana jambo linalomhusu zaidi kuliko hili.

VIII. NJIA NILIYOMWONYESHA

Kwa mwisho nilimpa njia ya kufuata, si amri, maana kuamua ni kwake.

Kwanza, aachane kabisa na chupa za rafiki yake wa mjini. Dawa isiyojulikana ilikotoka, inayochomwa na mtu asiyepima damu, si dawa. Ni bahati nasibu.

Pili, arudi kwa mganga wake, aseme wazi: «Nataka watoto.» Aombe mbegu zipimwe kabla ya kuanza chochote. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi tangu dawa za kansa kuisha. Na kwa wale ambao korodani yao yaweza bado kuamka, waganga wana dawa nyingine inayofanya kazi ya kapita, yaani kuiamsha badala ya kuilaza.

Tatu, apimwe kama uchovu una sababu nyingine: damu kupungua, malaria, usingizi mbaya, huzuni. Si kila uzito wa jembe watoka mahali pamoja. Na wakati huohuo ale vizuri, atembee, arudie kazi kidogo kidogo.

Nne, amwambie mchumba wake kabla ya mahari kumalizika, wala si baada yake.

Tano, ikiwa baada ya hayo yote mganga ataona kwamba dawa yahitajiwa, aichome pasipo aibu, aendelee kupimwa, akijua kwamba huenda atakuwa nayo maisha yote.

Wasomaji wapenzi, mtataka kujua mwisho wake. Sina mwisho wa kuwapa. Sindano hajachoma. Mbegu zimepimwa mara moja. Zimeonekana chache, naye ameambiwa arudi baada ya miezi kadhaa. Lakini siku moja alimwambia mchumba wake yote, wakiwa wamekaa chini ya mwembe, watu wakiwaona kwa mbali. Binti alilia sana. Kisha akaomba siku za kufikiri, kama mimi nilivyoomba. Bado hajajibu, na mahari imesimama nusu.

Niliposikia hayo nilimhurumia, nikamwuliza kama anajuta. Akasema: «Hapana, Mwalimu. Usiku ule nililala vizuri. Sijui atanijibu nini, lakini atakayejibiwa ni mimi.»

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Je, nimewahi kumcheka mtu aliyetoka hospitali, pasipo kujua ni nini kilichopungua mwilini mwake?

2. Kuna tofauti gani kati ya dawa inayorudisha na dawa inayoongeza? Toa mfano katika maisha ya kijijini.

3. Watoto wakikosekana katika nyumba, ni nani anayelaumiwa kwanza kwetu? Je, ni haki?

4. Ni jambo gani ninalolificha kwa yule ambaye ana haki ya kulijua?